PROGRAMU ZA NYONGEZA ZA KUBADILISHA MADIRISHA YA KOMPYUTA: MSAADA AU MZIGO?



Katika ukurasa wetu wa kompyuta mwaka huu tumechagua jambo ambalo kwa juu juu linaonekana dogo, lakini huwapotezea watu muda, kazi zao, na wakati mwingine hata siri zao. Nalo ni zile programu ndogo za nyongeza ambazo watu huzipakua kutoka kwenye intaneti, au hupeana kwa flashi, ili ziwasaidie kuhama haraka kutoka dirisha moja la kompyuta kwenda jingine. Mwanafunzi huahidiwa kuwa madirisha yake yatajitokeza kwa picha nzuri, yatazunguka kama karata, na kazi itakwenda mbio. Baada ya siku chache kibodi inaanza kuchelewa, dirisha linalotakiwa haliji, kompyuta inaganda, na nyumbani hakuna anayejua sababu.

Katika makala haya tutaeleza programu hizi zinavyofanya kazi na kwa nini zinaleta matatizo, kwa sababu anayejua chanzo cha tatizo hadanganyiki kwa urahisi. Hoja yetu kwa ufupi ni hii: programu ya namna hii haiwezi kufanya kazi yake mpaka iruhusiwe kusikia kila kitufe unachobonyeza na kuona kila dirisha ulilofungua. Hapo ndipo ulipo uwezo wake, na hapo hapo ndipo ilipo hatari yake. Mifano yetu mingi ni ya Windows, kwa kuwa ndiyo iliyo katika kompyuta nyingi za wasomaji wetu, lakini tutagusia na mifumo mingine.

DIRISHA NI NINI, NA KWA NINI TUNALIBADILISHA?

Kila programu unayoifungua katika kompyuta hupewa eneo lake kwenye skrini, lenye mipaka yake na jina lake juu. Eneo hilo ndilo dirisha. Mwanafunzi anayeandika insha anaweza kuwa na dirisha la insha yenyewe, jingine la kamusi, jingine la intaneti, na jingine la sauti ya somo analolisikiliza. Skrini ni moja, macho ni mawili, na madirisha ni manne. Hivyo basi ni lazima ahame kutoka moja kwenda jingine.

Windows ya kwanza kabisa, toleo la 1.0, ilitoka mwaka 1985. Katika toleo hilo madirisha ya programu yalipangwa ubavu kwa ubavu kama vigae ukutani, wala hayakulaliana. Mwaka 1987 toleo la 2.0 liliruhusu dirisha moja kulala juu ya jingine. Nafasi ikaongezeka, lakini tatizo jipya likazaliwa: dirisha lililo chini halionekani. Tangu hapo ndipo kulipo hitaji la njia ya kulifikia.

Njia iliyozoeleka zaidi ni kushikilia kitufe cha Alt na kubonyeza kitufe cha Tab. Katika Windows 3.1 ya mwaka 1992, ulipofanya hivyo kilitokea kisanduku kinachokuonyesha jina la dirisha moja moja. Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, ilionyesha aikoni za madirisha yote kwa pamoja, na ikaleta ule mstari wa chini ya skrini wenye vitufe vya programu zilizo wazi.

KWA NINI WATU WALITAFUTA NYONGEZA?

Njia ya aikoni ina upungufu wake. Ukifungua barua tano katika programu moja, unaona aikoni tano zinazofanana kabisa. Ipi ni ipi? Ni lazima upite juu ya kila moja na kusoma jina lake. Mtu mwenye kazi nyingi huchoka.

Kwa sababu hiyo, wakati wa Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, kampuni ya Microsoft yenyewe ilitoa seti ya programu ndogo za bure zilizoitwa PowerToys. Moja kati ya hizo ilichukua nafasi ya ule ubadilishaji wa Alt na Tab, ikawa inaonyesha pia picha ya dirisha unalokwenda, sio aikoni tu. Watu waliipenda sana. Katika kompyuta za Apple nako, mwaka 2003 mfumo wa Mac OS X toleo la 10.3 ulikuja na Exposé, ambayo kwa kitufe kimoja ilitawanya madirisha yote kwenye skrini yakaonekana kwa pamoja. Mwaka 2007 Windows Vista ilipowafikia wanunuzi wa kawaida, ilikuwa na picha ndogo zinazoonyesha yanayoendelea dirishani, pamoja na Flip 3D iliyopanga madirisha kwa mshazari kama karata.

Wenye kompyuta za zamani walipoyaona haya waliyatamani, na watengenezaji wengi wakajitokeza kuwapa vitu vinavyofanana navyo. Wengine walikuwa mafundi waaminifu. Wengine walikuwa na lengo jingine. Tamaa hiyo haijaisha mpaka leo, na programu mpya za aina hii zinaendelea kutoka.

KAZI NNE, NA MATATIZO MANNE

Ili programu ikubadilishie madirisha ni lazima ifanye kazi nne: isikie vitufe, iorodheshe madirisha, ipige picha zake, na ilete mbele lile ulilolichagua. Tuzitazame moja baada ya nyingine, maana kila kazi ina tatizo lake.

1. Kusikia vitufe

Programu ya kawaida husikia kibodi pale tu dirisha lake linapokuwa mbele. Programu ya kubadilisha madirisha haiwezi kusubiri hivyo. Inapaswa kujua kuwa umebonyeza Alt na Tab hata kama uko ndani ya barua yako. Njia inayotumika sana katika Windows ni kuomba mfumo uipitishie kila kitufe kabla hakijafika kwenye programu unayoitumia. Mfano wake ni mtu aliyekaa mlangoni: kila barua inayoingia nyumbani hupita mkononi mwake kwanza, kisha yeye ndiye anayeipeleka ndani.

Sasa, ikiwa mtu huyo amesinzia, barua zote zitachelewa. Ndivyo ilivyo kwa kibodi. Windows hungoja jibu la programu hiyo kwa kila kitufe, na programu ikiwa nzito au imekwama, herufi unazoandika zinachelewa kutokea. Mwanafunzi anadhani kibodi imeharibika, anaipeleka kwa fundi, kumbe kibodi ni nzima.

Mfumo umejiwekea kinga. Kuna muda maalumu wa kusubiri, na kuanzia toleo la 1709 la Windows 10, la mwaka 2017, muda huo hauwezi kuzidi sekunde 1. Tangu Windows 7, programu inayochelewa kupita kiasi inaweza kuondolewa mlangoni kimya kimya, bila yenyewe kuarifiwa. Hii ndiyo sababu ya lalamiko linalosikika mara nyingi, kwamba programu ilikuwa ikifanya kazi vizuri asubuhi, na mchana imeacha bila kosa lolote kuonekana. Ukiifunga na kuifungua upya inarudi, kisha inaacha tena.

2. Kuorodhesha madirisha

Mtu anaweza kudhani kuhesabu madirisha ni kazi rahisi. Sivyo. Windows ina madirisha mengi yaliyofichwa ambayo mtumiaji hatakiwi kuyaona: ya kupokea ujumbe wa ndani, ya vijisanduku vya vifaa, na mengineyo. Mfumo wenyewe una kanuni zake za kuamua lipi litokee katika orodha na lipi lisitokee. Mtengenezaji wa nje ni lazima azikisie kanuni hizo na kuziiga.

Akikosea, hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama orodha inaonyesha madirisha ya mzuka, yaani majina ambayo ukiyachagua hakuna kinachotokea. Ama dirisha ulilolifungua kweli halimo katika orodha. Tatizo hili liliongezeka tangu Windows 8 na Windows 10, kwa kuwa zilikuja na aina mpya ya programu ambazo madirisha yake hubaki yamefunikwa ingawa yapo. Programu za nyongeza zilizotengenezwa kabla ya hapo hazikuijua hali hiyo, zikawa zinaorodhesha vitu visivyoonekana.

3. Kupiga picha za madirisha

Katika Windows XP hakukuwa na mahali ambapo picha za madirisha yote zilihifadhiwa. Programu ya nyongeza ililazimika kuliambia kila dirisha: jichore ili nikupige picha. Dirisha zima lilijibu upesi. Lakini dirisha la programu iliyoganda halikujibu, na aliyeuliza naye akakwama akisubiri. Hivyo ugonjwa wa programu moja ukaambukiza nyingine. Na mara nyingi mtu hutaka kuhama dirisha pale hasa programu moja inapoganda!

Kuanzia Vista, mfumo wenyewe ulianza kuweka picha ya kila dirisha, na tatizo hilo likapungua. Hata hivyo dirisha lililokunjwa chini kwa kawaida halichorwi tena, kwa hiyo baadhi ya programu huonyesha picha ya zamani. Unaona ukurasa wa 3 wa insha yako, kumbe ulikwisha fika ukurasa wa 5.

Kisha kuna suala la kumbukumbu ya kompyuta. Tufanye hesabu kidogo. Skrini yenye nukta 1024 kwa 768 ina nukta 786,432. Kila nukta ikichukua baiti 4, picha moja ya skrini nzima ni baiti 3,145,728, yaani megabaiti 3 kamili. Madirisha 10 ni megabaiti 30. Kwa kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ya megabaiti 128, hiyo inakaribia robo ya kumbukumbu yote. Katika skrini ya leo yenye nukta 1920 kwa 1080, picha moja hukaribia megabaiti 8. Ni kweli programu nyingi hupunguza ukubwa wa picha, lakini kazi ya kuipata ile kubwa na kuipunguza inabaki pale pale, na kompyuta dhaifu huihisi.

4. Kuleta dirisha mbele

Tuseme umechagua dirisha lako. Bado kuna kizuizi. Zamani programu yoyote iliweza kujileta mbele wakati wowote, hata ukiwa katikati ya sentensi. Watu walijikuta wanaandika katika dirisha wasilolikusudia. Kuanzia Windows 98 na Windows 2000, mfumo ulianza kuzuia tabia hiyo: programu isiyo na haki ya kuja mbele haiji, bali kitufe chake katika mstari wa chini huwakawaka tu. Kinga hii ni nzuri, lakini huzuia na programu za nyongeza zisizoandikwa kwa uangalifu. Ndiyo maana wakati mwingine unachagua dirisha, nalo linawakawaka chini bila kuja.

Kizuizi cha pili kilikuja na Vista. Programu zinazoendeshwa kwa ruhusa ya msimamizi wa kompyuta zilitengwa na zile za kawaida. Dirisha la msimamizi likiwa mbele, programu ya kawaida haisikii vitufe vyako. Baadhi ya watu hutatua jambo hili kwa kuipa ile nyongeza ruhusa ya msimamizi. Hii ni sawa na kumpa yule wa mlangoni funguo za vyumba vyote, kwa sababu tu hakuweza kuingia chumba kimoja.

AMANA YA SIRI

Sasa tufikie jambo zito zaidi. Tumesema kuwa programu hii hupitishiwa kila kitufe na huona kila dirisha. Fikiri unabonyeza nini katika siku moja: neno la siri la barua pepe, namba ya mtihani, maneno ya siri ya akaunti ya benki ya mzazi. Fikiri nini huonekana katika madirisha: barua za familia, vyeti vya hospitali, na katika kompyuta ya ofisi ya shule, matokeo ya wanafunzi kabla hayajatangazwa.

Programu zinazoiba maneno ya siri hutumia njia ile ile ya kukaa mlangoni kwa kibodi. Kiufundi hakuna tofauti. Tofauti iko katika nia ya aliyeiandika. Ndiyo maana programu ya kuzuia virusi wakati mwingine huitilia shaka nyongeza isiyo na kosa, na ndiyo maana pia haifai kuizima programu hiyo ya kuzuia virusi kwa sababu tu maelekezo ya kuweka nyongeza yamesema uizime. Akikuambia mtu umfungie mbwa wako kabla hajaingia uani, jiulize kwanza ana shida gani na mbwa.

Skrini ya kuingilia Windows, ile inayoomba neno la siri unapowasha kompyuta, imewekwa katika uwanja wake tofauti, na programu za kawaida hazisikii kinachoandikwa pale. Lakini ukishaingia ndani, kinga hiyo imekwisha.

Mifumo mingine imeamua kuuliza waziwazi. Katika kompyuta za Apple, programu ya kubadilisha madirisha inayoonyesha picha huhitaji ruhusa mbili: ya kuendesha kompyuta kwa niaba yako, na, tangu toleo la 10.15 la mwaka 2019, ruhusa ya kurekodi skrini. Toleo la 15, lililotoka Septemba 2024, lilianza kurudia kuuliza ruhusa ya pili kila baada ya muda. Wapo wanaoona kero, lakini angalau mtumiaji anaambiwa ukweli wa kile anachokitoa. Katika Linux nako, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha uitwao Wayland, ulioanzishwa mwaka 2008, hauziachii programu za kawaida zijue madirisha ya programu nyingine wala zisikie vitufe visivyo vyao. Nyongeza nyingi za zamani hazifanyi kazi humo, na zilizuiwa makusudi kwa ajili ya usalama.

Kompyuta ya nyumbani na ya darasani ni amana ya watu wengi. Anayeweka programu ndani yake hajiamulii nafsi yake peke yake. Anawaamulia baba, mama, mwalimu, na kila atakayekaa mbele ya kibodi ile baada yake.

NYONGEZA HAIDUMU

Hata nyongeza safi na salama ina udhaifu mwingine: inategemea jengo lisilo lake. Mwenye nyumba akibadilisha ukuta, rafu uliyoining'iniza inaanguka.

Mfano mzuri ni ile ile PowerToys ya Windows XP. Ilitengenezwa na Microsoft wenyewe, lakini walieleza wazi kuwa si sehemu ya Windows, kwamba hawatoi msaada kwa ajili yake, na kwamba ni ya XP pekee. Ilipokuja Vista, aliyeizoea aliiacha. Ikiwa ya wenye mfumo wenyewe ilikuwa hivyo, itakuwaje ya mtu usiyemjua?

Hata kilichomo ndani ya mfumo huweza kuondolewa. Flip 3D iliyosifiwa sana mwaka 2007 haikuwamo tena katika Windows 8 ya mwaka 2012. Katika Linux, mazingira ya GNOME toleo la 45, la Septemba 2023, yalibadilisha namna nyongeza zake zinavyoandikwa, na nyongeza zote zilihitaji kurekebishwa ili zifanye kazi. Ambazo watengenezaji wake walikuwa wamekwisha ziacha, zilibaki hapo.

Mwanafunzi aliyezoeza vidole vyake vitufe vya nyongeza hupata tabu pia anapokaa mbele ya kompyuta nyingine, kwa mfano katika chumba cha mtihani. Vitufe vyake havipo.

VITUFE ULIVYO NAVYO TAYARI

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kutafuta cha nje, jifunzeni hivi vilivyomo ndani ya Windows 10 na Windows 11 bila malipo:

- Alt na Tab: kuhama kwenda dirisha jingine. Bonyeza mara moja kurudi dirisha la mwisho, au endelea kubonyeza Tab kupita yote.
- Alt, Shift na Tab: kupita kinyumenyume.
- Ctrl, Alt na Tab: orodha inabaki wazi hata ukiachia vitufe. Inamfaa sana asiyeweza kushikilia vitufe kwa muda.
- Kitufe chenye alama ya Windows pamoja na Tab: kuona madirisha yote yametawanywa kwenye skrini.
- Kitufe cha Windows pamoja na namba 1, 2, 3 na kuendelea: kwenda kwenye programu kwa mpangilio wake katika mstari wa chini.
- Kitufe cha Windows pamoja na D: kushusha madirisha yote.
- Kitufe cha Windows, Ctrl na D: kufungua uwanja mpya wa kazi. Unaweza kuweka masomo katika uwanja mmoja na mambo mengine katika uwanja wa pili, kisha ukahama kwa Windows, Ctrl na mshale.
- Ctrl na Tab: kuhama kati ya kurasa zilizo ndani ya dirisha moja la intaneti.

Kwa kompyuta za Apple, kitufe cha Command pamoja na Tab huhamisha kati ya programu.

Ikiwa orodha yako ya Alt na Tab imejaa kurasa za intaneti za Edge, hilo si kosa. Ni mpango uliokuja na Windows 10 mwishoni mwa mwaka 2020, na unaweza kuuzima katika mipangilio, sehemu ya mfumo inayohusu kufanya kazi nyingi kwa pamoja. Huna haja ya kupakua chochote.

KABLA HUJAWEKA NYONGEZA

Hatusemi kuwa nyongeza zote ni mbaya. Mwenye kazi ya madirisha thelathini, au mwenye ulemavu wa mkono, anaweza kunufaika nazo kweli. PowerToys yenyewe ilifufuliwa mwaka 2019, safari hii msimbo wake ukiwa wazi kwa kila mtu kuusoma, na tangu mwaka 2020 inaweza kukutafutia dirisha kwa kuandika sehemu ya jina lake. Lakini kabla ya kuweka yoyote, tunashauri mjiulize maswali haya:

(a) Je, vitufe nilivyo navyo vimeshindwa kweli, au sijavijaribu?
(b) Nani ameiandika, na je, bado anaishughulikia? Angalia tarehe ya toleo la mwisho.
(c) Naipata kwa mwenyewe, au kwa flashi ya mtu na tovuti ya kupakulia kila kitu? Vifurushi vya njiani mara nyingi huwa na programu nyingine zilizofichwa ndani yake.
(d) Inaomba ruhusa gani? Inataka ruhusa ya msimamizi kwa sababu ipi?
(e) Mwenye kompyuta, awe mzazi au mwalimu, ameridhia?

Ukishindwa kujibu hata swali moja, iache kwanza.

IKIWA TAYARI UNA TATIZO

Kompyuta yako ikianza kuchelewesha herufi au kukosea madirisha, fanya hivi. Kwanza hifadhi kazi yako. Pili bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona orodha ya programu zinazofanya kazi. Tafuta ile nyongeza, uifunge, kisha uandike sentensi mbili tatu. Kibodi ikirudi hali yake, umemjua mhusika. Tatu, katika orodha hiyo hiyo, sehemu ya programu zinazojiwasha zenyewe, izime ili isirudi kesho. Nne, iondoe kabisa kupitia mipangilio ya Windows, na uwashe kompyuta upya. Tatizo likiendelea, sasa unaweza kumwita fundi, nawe utakuwa na la kumwambia. Na ikiwa nyongeza ilitoka mahali pasipoaminika, badilisha maneno ya siri ya wote walioitumia kompyuta hiyo, na ufanye hivyo kwa kutumia kompyuta nyingine au simu iliyo salama.

Wazazi nao wasione haya kuuliza. Ukimwona mwanao anaweka programu, muulize inafanya nini na ameitoa wapi. Aliyesoma makala haya atakujibu. Asiyeweza kujibu, naye bado hajawa tayari kuiweka.

Zoezi kwa wanafunzi: kwa wiki moja, msitumie kipanya kuhamia dirisha lolote. Tumieni vitufe tulivyovitaja peke yake, na kila mmoja aandike ni kipi kilichomfaa zaidi na kwa kazi gani. Walimu wa kompyuta watayapokea majibu darasani.

Wabillahi tawfiq.